Kelele ya Alhamisi

Mcheza kwao hatunzwi. Mcheza kwao huambiwa apunguze kelele.

Bi Lavinia Tolliver alicheza kwao kwa miaka arobaini na mmoja, katika chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe, kaskazini mwa Philadelphia, juu ya mbao ngumu alizoziokoa kwa mikono yake siku ukumbi wa Paragon ulipobomolewa. Na kwa miaka hiyohiyo arobaini na mmoja binti yake Corinne alisimama jikoni, juu kabisa ya chumba hicho, akipiga pasi nguo za watu na kugonga sakafu kwa mpini wa ufagio.

"Mama! Kelele!"

Kutoka chini lilikuja jibu lilelile kila mara: kisigino mara mbili, kavu, ta-ta. Kwa wacheza dansi ya vyuma maana yake ni nenda zako.

Ilikuwa dansi ya viatu vyenye vibati viwili vya chuma chini, kimoja vidoleni na kimoja kisiginoni, nayo ndiyo iliyomtoa Bi Lavinia shambani kwa babu yake huko Virginia, ikamzungusha nchi nzima, kisha ikamrudisha kuwa mwalimu. Watoto wa mitaa sita walipita katika chumba kile. Walilipa senti hamsini kwa somo, na asiyekuwa nazo alifagia. Wengine leo ni madereva, wengine wachungaji, mmoja ni hakimu ambaye hata mahakamani miguu yake haitulii chini ya meza. Aliwafundisha yote aliyoyajua, isipokuwa kitu kimoja.

Katika fani hiyo kila mchezaji wa kweli ana hatua moja ambayo ni yake, kama muhuri. Ya Bi Lavinia iliitwa Mlango wa Nyuma. Aliitunga mwaka 1934, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akizunguka na kundi lililocheza katika kumbi ambazo yeye na wenzake waliingilia upande wa mapipa ya taka. Na hatua haifundishwi, huibwa. Unakaa mstari wa mbele, unamkodolea mwenzako miguu, unaiba, unakwenda kuibadilisha. Ukiibadilisha ni yako, hakuna wa kukuuliza. Lakini ukiicheza vilevile ilivyo, bila kubadilisha hata kisigino kimoja, umemtukana mwenye nayo, na utasimama mbele ya watu uombe radhi kwa mdomo wako, kofia mkononi.

Kwa sababu wezi wa fani hiyo huiba kwa macho, Bi Lavinia alijilinda na macho. Alhamisi hakufundisha. Alhamisi alifunga mlango wa ngazi kwa ufunguo, akashusha pazia juu ya vidirisha vilivyo usawa wa barabara, akacheza Mlango wa Nyuma peke yake ili miguu isije ikausahau. Alimwahidi mjukuu wake Delphine, mtoto wa Corinne, kwamba siku atakapotimiza miaka ishirini, mwezi wa nne, pazia litashushwa na yeye akiwa ndani.

Kiharusi kilikuja mwezi wa pili. Kilimkuta amesimama, kikombe cha kahawa mkononi, na kikombe hakikuanguka. Mguu wa kushoto ulikufa, maneno yakaenda, akabakiwa na matatu tu: "hapana," "kahawa," na "Jumanne." Jumanne ilifanya kazi ya maneno mengine yote. Akitaka choo, Jumanne. Akiudhika, Jumanne. Mchungaji alipomwombea kwa dakika ishirini huku mkono wake mzito ukimlemea kichwani, alimtazama akasema Jumanne kwa namna iliyomfanya mchungaji achukue kofia yake na kuondoka.

Mlango wa Nyuma ulikuwa ndani ya mwili ambao sasa haukuweza kuufungua.

*

Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu, baada ya ibada, alikuja Mzee Thaddeus Womack na keki ya siagi. Alikuwa na miaka themanini, suti ya kijivu yenye mkunjo ulionyooka kama rula, na alikuwa amecheza na Bi Lavinia jukwaa moja kwa miaka minane kabla ya vita. Nyuma yake alikuwepo msichana wa kizungu mwenye daftari, Bi Kessler, wa makumbusho.

"Vinnie!" Mzee Womack alivua kofia mlangoni mwa sebule, walikokuwa wamekihamishia kitanda. "Bado unaniteka moyo."

"Jumanne," alisema Bi Lavinia.

"Na mimi pia, mpenzi."

Bi Kessler aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa mto. "HUJAMBO, BI TOLLIVER? UMEKULA VIZURI LEO?"

"Anasikia," alisema Corinne kutoka mlango wa jikoni. "Kilichokufa ni mguu, siyo sikio."

Msichana akawa mwekundu mpaka shingoni. Corinne hakumwonea huruma. Alikuwa ametoka kazini Jumamosi usiku, kwenye chumba cha mvuke cha hoteli alikopiga pasi mashuka, na Jumapili yake ilikuwa fupi. Alikata keki, akawapa vipande. Cha mama yake alikilowesha kwenye maziwa, akamlisha kwa kijiko, na Mzee Womack akageuka kutazama picha ukutani mpaka alipomaliza.

"Nimekuja na habari," alisema baadaye. "Jumamosi ijayo, saa nane mchana, makumbusho wanaleta kamera klabuni kwetu. Sote tuliobaki, kila mmoja na hatua yake, na jina lake kwenye kadi. Kabla hatujafukiwa."

"Itahifadhiwa daima," alisema Bi Kessler. "Mtu yeyote ataweza kuja kutazama."

"Na Bibi?" Delphine aliuliza. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, bado na sare ya duka la dawa alikouza. "Bibi atafanyaje?"

Mzee Womack alizungusha kofia yake kwenye vidole. "Hilo ndilo lililonileta. Mlango wa Nyuma nitaucheza mimi."

Delphine aliweka sahani yake chini.

"Huo ni wa Bibi," alisema Delphine.

"Ulikuwa wake, mwanangu. Mimi niliuona. Cleveland, mwaka thelathini na nane, akifanya mazoezi peke yake, nami nimejificha nyuma ya pazia la jukwaa. Mara mbili. Nimekaa nao miaka hii yote sijaucheza mbele za watu, kwa heshima yake. Sasa nisipoucheza utazikwa naye. Unataka uzikwe?"

"Na kadi itaandikwa jina la nani?"

"Womack," alisema bila kupepesa. "Nimeubadilisha. Kwa sheria yetu ni wangu, na bibi yako ndiye aliyenifundisha sheria hiyo. Lakini nitamtaja. Kabla sijaanza nitamtaja kwa mdomo."

"Kadi haina mdomo, Mzee."

"Delphine," Corinne alimkanya, ingawa si kwa nguvu.

Mzee Womack alisimama, akasogeza zulia kwa ncha ya kiatu, akacheza palepale sebuleni kwa viatu vyake vya kanisani. Alikuwa na miaka themanini na bado alikuwa mwepesi kama mvua ya rasharasha. Ilianza kama mtu anayebisha hodi, ikawa mtu anayeshuka ngazi, kisha mikono ikapanda, kikafuata kimbunga cha vidole na visigino kilichomfanya Bi Kessler aache kuandika, akamalizia kwa kisigino kimoja. Ilipendeza. Hata Delphine aliona inapendeza, na hilo ndilo lililomuuma.

"Hapana," alisema Bi Lavinia.

Mzee Womack alikuwa akihema. "Nini, Vinnie?"

"Hapana. Hapana."

"Basi niambie ilivyo," alisema, kwa upole kabisa, akiinama. Hakukusudia ukatili, na ndiyo maana ulikuwa mkubwa. Bi Lavinia alifungua mdomo. Upande mmoja wa uso wake ulifanya kazi kama mtu anayesukuma gari lililozima. Mkono wake wa kulia ulipanda, ukabaki hewani, ukangoja.

"Jumanne," alisema, akageuzia uso wake dirishani.

Mlangoni Bi Kessler alimshika Corinne mkono. "Kama familia ina mtu anayejua ilivyokuwa, aje Jumamosi. Tutarekodi zote mbili, na kila moja itapata kadi yake. Lakini lazima ipigwe pale, juu ya ubao wa kuchezea. Siwezi kuandika hatua ambayo sikuisikia."

"Hakuna mtu," alisema Corinne. "Alifunga pazia."

*

Jumatatu alasiri Corinne alikuwa na mashati tisa ya wakili mmoja juu ya kiti, na kutoka chini Delphine alikuwa akipiga mbao kama anayetafuta panya. Alichokuwa nacho ni kile alichomwona nacho Mzee Womack, na kadiri alivyokipunguza mapambo ndivyo kilivyobaki kitupu. Mwishowe akapanda ngazi na viatu mkononi, uso umevimba kwa hasira.

"Sina chochote. Hodi, ngazi, basi. Katikati yake sijui kuna nini."

"Kula kwanza."

"Mama, Jumamosi mwanamume mwingine anawekewa jina lake kwenye maisha ya Bibi, nawe unaniambia nile?"

"Kuna maharage na mkia wa nguruwe. Ndiyo, kula."

"Wewe hujali!" Delphine alivibwaga viatu mezani. "Mtaa mzima umefundishwa na Bibi. Hakimu kafundishwa! Wewe uko naye nyumba moja tangu ulipozaliwa na hukuwahi hata kushuka ukatazama!"

"Toa viatu juu ya meza yangu."

"Hukuwahi!"

"Nilishuka." Corinne hakuinua macho kutoka kwenye kola. "Mara moja. Ndiyo kwanza tumehamia hapa, nina miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe kwa kuchungulia. Nikamchezea. Alinitazama mpaka mwisho, akasema, 'Corinne, mwanangu, miguu yako ni ya kanisani.' Mbele ya wanafunzi kumi na wawili. Walicheka, naye hakuwakataza. Nikapanda ngazi hizo, nikashika pasi. Sasa toa viatu."

Delphine alivitoa. Akaketi, akajipakulia, akala. Pasi ikaendelea kwenda na kurudi. Corinne alikuwa amekasirika, na alipokasirika alipiga pasi kwa nguvu: ncha ikigonga ukingo wa ubao, kitako kikirudi juu ya kibati cha kuipumzishia, vidole vya mkono mwingine vikilainisha kitambaa na kudonoa mbao. Delphine aliacha kutafuna.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulichopiga sasa hivi."

"Ninapiga pasi, mtoto wewe. Umechanganyikiwa?"

"Siyo pasi. Vidole. Hodi tatu, halafu ile inayoteleza. Mzee Womack hana ile inayoteleza. Umeitoa wapi?"

Corinne alitazama mkono wake kama mtu aliyekuta kitu cha jirani mfukoni mwake. "Hiyo? Hiyo ni kelele ya Alhamisi."

Kijiko cha Delphine kilianguka kwenye sahani.

"Kelele ya nini?"

"Ya Alhamisi. Siku nyingine zote ni watoto, fujo tupu. Alhamisi ilikuwa kelele moja tu, ileile, mara kumi, mara kumi na tano, kuanzia saa tisa. Nilikuwa nikigonga na ufagio na hakuacha. Basi nikaanza kupiga pasi nayo. Ukiendana nayo mashati yanakwenda haraka."

"Yote unayo?"

"Sasa nitakosaje kuwa nayo? Miaka arobaini na mmoja!"

Alizima pasi. Akaketi mezani, akakunja vidole, akapiga kwa vifundo na kwa kiganja. Hodi tatu za adabu, za mtu anayejua hapendwi. Mtelezo, kama soli inayofutwa kwenye jiwe. Hodi tena, mbili, safari hii bila adabu. Kisha ngazi zikashuka chini ya mkono wa kulia huku wa kushoto ukibaki mlangoni, ukibisha, hivyo kwamba palikuwa na watu wawili, mmoja akiondoka na mmoja akikataa. Wakaenda hivyo, wakakaribiana, wakawa kitu kimoja. Kisha Corinne akainua mkono, akanyamaza.

Delphine alingoja. "Umesahau?"

"Sijasahau. Hapo ananyamaza."

"Kwa muda gani?"

"Muda wa kuinua shati, kuligeuza upande wa pili, na kulilaza." Akashusha kiganja mara moja tu. *Du.* "Halafu hiyo. Kwisha. Mwanzoni nilidhani kachoka, anapumzika. Nilikuwa na kama miaka thelathini hivi nilipotambua hapumziki. Mtu anayepumzika unamsikia. Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Mlango si umebishwa hodi? Anangoja wafungue."

Wakakumbuka wote kwa wakati mmoja kwamba kitanda kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Kwa wiki tano Bi Lavinia alikuwa ameikatalia dunia nzima: supu, mchungaji, sindano, Mzee Womack. Wakakaa wakisubiri "hapana" yake.

"Kahawa," alisema Bi Lavinia kutoka sebuleni.

Corinne akainuka kuchemsha maji, na ilimchukua muda kuliona birika lililokuwa mbele yake.

*

Siku nne walijaribu. Corinne alikaa juu ya ngazi za chumba cha chini akipiga kwa vifundo kwenye ubao wa ukingo, na Delphine chini akifuata kwa miguu. Hodi alizipata. Mtelezo ukamchukua Jumanne nzima. Lakini pale watu wawili walipokuwa wakiondoka na kukataa, miguu yake iligeuka mbuzi juu ya bati.

"Unakimbilia kimya," Corinne alimwambia. "Usikimbilie. Kimya hakiendi popote."

"Unafundisha kama Bibi."

"Usinitukane."

Ijumaa Delphine alivua viatu na kuvirudisha kwenye mfuko wa karatasi. Vilikuwa vya Bi Lavinia, vyeusi, ngozi ya pua imekunjamana kama kidevu cha mzee, na vibati vyake vilikuwa vimelika mpaka vimekuwa vyembamba kama sarafu ya zamani.

"Nikipewa mwaka nitaweza," alisema. "Kesho siwezi. Nitaucheza vibaya, na vibaya ndivyo vitakavyobaki daima. Afadhali wa Mzee Womack."

"Afadhali wa Mzee Womack," alirudia Corinne.

"Wewe unao, Mama."

"Mimi sichezi."

"Hakuna aliyesema ucheze. Yule msichana alisema upigwe juu ya ubao. Alisema *asikie*."

*

Klabu ya wachezaji ilikuwa juu ya duka la kinyozi, ngazi ishirini na mbili. Bi Lavinia alipandishwa kwenye kiti chake cha magurudumu na vinyozi wawili waliomzungumzia kama kabati: "Inamisha huku, inua upande wa ukuta." Kwenye ngazi ya kumi kiatu cha mguu wake uliokufa kilichomoka, kikabingirika mpaka chini, na mteja mwenye povu la sabuni usoni alikipandisha akikishika kwa vidole viwili. Mwanamke huyu aliwahi kusimamisha wanaume elfu mbili kwa visigino. Alitazama mbele, kidevu juu. Hakusema hata Jumanne.

Walikuwepo wazee kumi na mmoja, kamera juu ya miguu mitatu, na katikati ubao: mbao za mraba, hatua mbili kwa mbili, ambazo hakuna aliyethubutu kuzikanyaga na viatu vya barabarani. Mmoja baada ya mwingine walipanda, wakatoa muhuri wao, wakashuka wakihema na kutaniana. "Hiyo uliiba kwangu, Percival!" "Niliiba, nikaitengeneza. Ilikuwa imevunjika!"

Mzee Womack alipanda wa mwisho. Alimtaja Bi Lavinia kwa maneno mazuri mpaka macho yake yakalowa, kisha akacheza Mlango wa Nyuma wake, na mahali pale pa katikati akapajaza mapambo mpaka ubao ukapiga kelele kama sufuria zinazoanguka. Wakampigia makofi wamesimama. Alipofuta jasho alimwangalia mwenzake wa zamani, akitafuta kitu. Bi Lavinia alikuwa akitazama mlango.

"Kuna mwingine?" Bi Kessler aliuliza.

Corinne alisimama na mfuko wa karatasi. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na viganja vyake vilikuwa na alama za moto za zamani, nyeupe, moja juu ya nyingine.

"Corinne?" alisema Mzee Womack. "Binti, wewe huchezi."

"Sichezi."

Alipiga magoti pembeni mwa ubao. Akatoa viatu vya mama yake, akaingiza mkono wa kulia katika cha kulia na wa kushoto katika cha kushoto, akaviweka juu ya mbao. Kicheko kilianzia nyuma.

"Viatu huvaliwa miguuni, dada!"

"Anatafuta pete iliyoanguka?"

"Nyamazeni," alisema Delphine, na sauti yake ilikuwa ya Bi Lavinia mwenyewe, ile ya siku watoto arobaini walipozungumza pamoja. Wakanyamaza.

Corinne alibisha hodi mara tatu.

Kwenye mtelezo, mzee Percival, aliyekuwa akimenya karanga, aliacha. Kwenye hodi za pili Mzee Womack aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti. Watu wawili wakashuka ngazi na kukataa kushuka, kulia na kushoto, na Corinne hakuwa akitazama mikono yake. Alitazama chini ya mbao, kama mwenye kumsikiliza mtu aliye huko. Wakakaribiana. Wakawa mmoja. Akainua viatu vyote viwili, akanyamaza.

Mtu alikohoa. Kamera ilisaga utepe wake. "Amesahau," alinong'ona mmoja, kwa huruma.

Akilini mwake Corinne aliinua shati. Akaligeuza. Akalilaza. Mkono ukaanza kushuka, na hapo akamwona mama yake. Mkono wa kulia wa Bi Lavinia ulikuwa umepanda, kidole kimoja kimesimama. Bado.

Basi akangoja. Hakuwahi kujua kwamba kimya kilikuwa kirefu hivyo. Jikoni, labda, mvuke ulikuwa ukikila. Kilikuwa kirefu mpaka wazee wale wote walioingilia upande wa mapipa ya taka maisha yao yote wakaanza kuinamisha vichwa mmoja mmoja, kwa sababu sasa walijua wako mlango gani.

Kidole kikashuka. Corinne hakupiga. Bi Lavinia aliushusha mguu wake wa kulia kutoka kwenye kiti, akakipiga kisigino sakafuni mwenyewe.

*Du.*

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Kessler alizima kamera. "Kwenye kadi," aliuliza, "niandike jina la nani?"

"Lavinia Tolliver," alisema Corinne, bado kapiga magoti. "La kwako, Mzee, litabaki kwenye yako."

Mzee Womack alikuwa amekaa. Alionekana mzee ghafla, kana kwamba wamezima taa usoni mwake. "Una masikio, binti," alisema. "Mungu anisamehe, hata mimi sikuwa nimekisikia kile kimya. Cleveland mafundi wa jukwaa walikuwa wakipiga kelele." Kisha akanyoosha mgongo. "Lakini umeupiga vilevile. Hukubadilisha kitu."

"Hata kimoja."

"Mbele yake. Mbele ya mashine. Mtoto yeyote sasa ataingia pale makumbusho na kuuchukua mzima, bila jasho."

"Ndiyo."

"Miaka hamsini na mitatu aliufungia. Alikufichia hata wewe."

"Hasa mimi."

"Basi sheria unaijua, umekulia ndani yake." Aliwatazama wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa, taratibu, si kwa uadui, walikuwa watu waliobakiwa na sheria hiyo tu. Mzee Percival alivua kofia yake akamnyooshea, aishike. "Simama, Corinne. Iwe kwa adabu. Omba radhi, tuendelee."

Kutoka kwenye kiti cha magurudumu kisigino kililia mara mbili, kavu. Ta-ta.

Mzee mmoja alicheka kabla ya kujizuia. Corinne alivua viatu mikononi, akavifuta kwa pindo la gauni lake, cha kulia, kisha cha kushoto, akavirudisha kwenye mfuko na kumpa Delphine. Akasimama kwa kushika ukingo wa kiti cha mama yake. Kofia ya Percival ilikuwa bado imenyooshwa mbele yake, na aliipita.

"Mzee Womack," alisema, "magoti yananiuma, na nyumbani nina mashati kumi na manne. Siombi radhi."